Kiganja Juu ya Picha

Chemchem, Tabora
Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Mwasiti,

Sina haja ya kukuuliza u hali gani, maana nakusikia hapo uani ukibishana na mama yako juu ya sufuria. Yeye anataka uchukue mbili, wewe unataka moja. Utachukua mbili. Mimi nimejifungia humu chumbani na kalamu yako, ile uliyodhani imepotea, namwandikia mtu ambaye ningeweza kumwita akaja. Sikuiti kwa sababu nikianza kusema utacheka na kumwambia mama yako, "Baba ameanza." Karatasi haichekwi usoni.

Habari za kuchemsha maji, za chandarua, za kutunza mafuta ya taa na namna ya kumwamkia mwalimu mkuu namwachia mama yako na shangazi zako. Wameshazisema mpaka zimekwisha ladha. Mimi nina jambo moja tu, nalo limeninyima raha tangu jana, pale uliposimama mlangoni ukaniambia, "Baba, nipe kile kiongozi chako cha mwalimu chenye alama. Nikifika shuleni Choma nifuate tu." Nikakujibu kwamba nitakitafuta. Mwanangu, nilikuwa nimekikalia.

Ni hayo maneno mawili, nifuate tu. Yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Unanijua kwamba mimi ni mtu wa shaka. Mama yako husema hata mwezi ukiandama mimi nataka kwanza nionyeshwe aliyeuona. Sukari nailamba kabla sijainunua, mafuta ya taa nayanusa, na kondakta akiniita "mzee wangu" kwa sauti laini naangalia mzigo wangu uko wapi. Kesho hapo stendi kuwa hivyo hivyo, hutapungukiwa na kitu. Lakini kuna shaka nyingine ambayo ilinichukua miaka kuijua, nami nilifunzwa kabla hata kiongozi hicho hakijaandikwa alama moja.

Nianze na hizo alama, kwa sababu umeziona tangu ukiwa mdogo na sidhani kama nimewahi kukueleza zilivyozaliwa. Ilipotangazwa kwamba kila mtoto aende shule, walimu hawakutosha hata kidogo. Ikaamuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, kama nyinyi, wafunzwe kazi huku wakiifanya. Ndipo sisi walimu wakongwe tukaitwa mjini, tukawekwa kwenye chumba chenye joto, tukapewa vitabu vya kiongozi na penseli. Kazi yetu ilikuwa kupitia kila mada na kuandika pembeni mwake alama ya jinsi ya kuifundisha, ili kijana akifungua ukurasa aone somo na njia yake kwa pamoja.

Duara maana yake darasa zima lijibu kwa sauti moja. Mistari miwili, watoto wakae wawili wawili waulizane. Jembe, tokeni nje, shambani au kisimani, somo lifanyike kwa mikono. Na sikio, kila mtoto asome kwa sauti yake, wote kwa pamoja, mwalimu akipita katikati anasikiliza. Hilo sikio niliwaletea mimi, na utaona punde nililitoa wapi.

Tulibishana sana. Mada ya maji peke yake ilitumalizia asubuhi nzima, wengine wanataka duara, wengine jembe, mpaka mwenzetu mmoja akasema maji hayafundishwi watu wamekaa, akachora jembe na kufunga mjadala. Kazi ile niliipenda, siwezi kukuficha. Kulikuwa na afisa kijana aliyetusimamia, shati lake limenyooshwa pasi mpaka linatoa sauti akigeuka, naye ndiye aliyetupa shauri la mwisho. "Mwalimu mpya asiachiwe nafasi ya kubabaika," alisema. "Aone alama, afanye." Wenzangu wakaitikia. Nami niliitikia, Mungu anisamehe, ingawa nilikuwa nimeshafundisha kule Puge na nilijua wazi kwamba maneno hayo yana kasoro.

Na wewe jana umenirudishia maneno yake karibu vile vile.

Sasa twende Puge. Najua unapapenda. Ukisimulia habari za Puge unasimulia mibuyu, panzi wa kukaanga, na rafiki yako Nyamizi. Mimi nilikwenda pale nikiwa mwalimu kijana wa mjini, Mwislamu kutoka Tabora kati ya wakulima Wakristo, Wamoraviani wengi na Wakatoliki kidogo. Walinipokea vizuri. Walinipa nyumba, kuku, na magunia ya mahindi wakati wa mavuno. Kwa kuwa walinipokea vizuri, mimi nikawa natafuta wanachokitaka.

Darasa langu lilikuwa la pili, na wewe ulikuwa humo ndani, benchi la mbele. Kitabu kimoja watoto watatu, wakati mwingine wanne. Jioni vitabu vyote hurudi kabatini na ufunguo hukaa kwangu, kwa sababu kitabu kikipotea ilikuwa kesi. Kila ukurasa ulikuwa na picha juu na maneno machache chini. Ukurasa wa mbuzi, ukurasa wa kisima, ukurasa wa mama anayetwanga.

Nikawa sijui niwafundisheje kusoma watoto wengi namna ile, ndipo nikamkumbuka babu yangu. Babu yule ambaye baba yake alifika na misafara ya pembe za ndovu, akaionja asali ya Unyamwezi na kukataa kurudi pwani. Babu alikuwa na chuo cha Kurani barazani kwake hapa mjini. Hatukusoma pamoja pale. Kila mtoto na mahali pake alipofikia, huyu bado anatambaa na alifu, yule yuko mbali, na kila mmoja anasoma kwa sauti ya juu, wote kwa wakati mmoja, tukiyumba mbele na nyuma. Mpita njia alisikia vurugu tu. Babu alikaa ameegemea nguzo akishona kofia, hamtazami mtu, mara husema, "Wewe uliye karibu na mtungi, rudia hapo." Na kweli yule wa karibu na mtungi ndiye aliyekosea. Sisi tuliamini ana masikio mgongoni.

Basi nikafanya hivyo hivyo Puge. Kila kundi na ukurasa wake, kila mtoto kwa sauti yake. Darasa liliwaka. Watoto walianza kuyumba wenyewe bila kuambiwa, maana ukisoma kwa sauti kwa muda mrefu mwili unatafuta mwendo wake. Ukipita barabarani ulidhani ni mzinga wa nyuki. Wewe ulikuwa na sauti kali kuliko wote, nami nikipita karibu na benchi lako kifua kilinijaa. Nilijisemea kwamba mwanangu anasoma kama maji.

Kisha watoto wakaanza kupungua. Kwanza benchi la dirishani likawa wazi, baadaye lile la nyuma yake. Nikiwauliza waliobaki, walijibu kwa sauti moja, "Wanaumwa, mwalimu." Ugonjwa gani unaochagua benchi? Nikaanza kushuku, na nilipoanza sikumwacha mtu. Nilishuku pamba, kwamba wazazi wamewapeleka watoto kuchuma. Nikaenda kuangalia, pamba ilikuwa haijapasuka. Nilishuku ng'ombe. Nikashuku bustani ya shule, kwamba wamechoka kuona watoto wao wakishika jembe kwa ajili ya elimu ya kujitegemea. Nikamshuku mwenye duka kwa sababu alinipa chumvi bila kunitazama, na mwenyekiti wa kijiji kwa sababu alinitazama mno. Mama yako akaniambia, "Ukimaliza kijiji utanishuku na mimi." Mimi nilikuwa nafikiri.

Nilitazama kila mahali isipokuwa mikononi mwangu. Nyani haoni kundule.

Siku moja, watoto wakiwa wametawanyika, Mzee Maganga akaja shuleni na wazazi wengine wawili. Huyu ndiye baba yake Nyamizi, mkulima wa karanga na mzee wa kanisa, mtu mkubwa wa mwili na mpole wa sauti. Tuliamkiana kwa Kinyamwezi, tukaulizana mvua, tukaulizana mifugo, mpaka nikajua kwamba jambo lililowaleta ni zito. Salamu zikirefuka namna ile, nyuma yake kuna kitu. Mwishowe akasema:

"Mwalimu, sisi hatuna ugomvi na dini ya mtu. Wewe swala zako sali, sisi za kwetu tunazo. Lakini mtoto tulimleta kwako asome kitabu cha serikali. Sasa Nyamizi akirudi jioni anakaa hapo jikoni, anafumba macho, anayumba, anasema maneno mbio mbio. Na si yeye peke yake, hata wa hawa wenzangu. Wewe ungekuwa mimi, ungesema mtoto anafanya nini?"

Nilielewa polepole, kama mtu anayemwagiwa maji kidogo kidogo. Wale watu walidhani nawafundisha watoto wao Kurani kwa siri. Mimi niliyezunguka kijiji kizima nikimnusa kila mtu, kumbe kijiji kizima kilikuwa kinaninusa mimi. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Niliumia, tena niliumia kwa ajili ya babu pia, nikaona chuo chake kimetukanwa. Nikawaambia kwa hasira niliyoificha vibaya kwamba waje kesho yake na watoto wao wote, wasimame ndani, wasikilize wenyewe.

Walikuja. Walisimama ukutani, wanaume kofia mkononi, akina mama wakiwa na watoto mgongoni. Nikagawa vitabu, nikatoa amri, na darasa likavuma. Mbuzi, kisima, mama anayetwanga, vyote kwa pamoja. Nilipowanyamazisha niliwauliza wazazi kama wamesikia neno moja la Kiarabu. Walitazamana. Mama mmoja akasema amesikia habari za mbuzi. Watu wakacheka, nami nikacheka nao kicheko cha mshindi.

Mzee Maganga ndiye ambaye hakucheka. Alisema, taratibu tu, "Vema. Sasa nimsikie mmoja."

Nani mwingine ningemchagua? Nilikuita wewe.

Ulisimama bila woga wowote, gauni lako la shule limefupika kwa sababu ulikuwa unarefuka kila wiki. Mzee Maganga alichukua kitabu kutoka benchi lililokuwa karibu naye, akakifungua mahali, akakushikia mbele ya uso. Mkono wake ulikuwa mpana kama ungo. Alikishika kitabu kwa juu, na kiganja chake kikafunika picha yote. Mpaka leo sijui kama alikusudia au ndivyo alivyozoea kushika vitu. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi na kila mara naishia mahali tofauti.

Ulikitazama kitabu. Ukamtazama yeye. Ukanitazama mimi, kwa jicho la haraka ambalo wakati ule sikulielewa. Halafu ukaanza, kwa ile sauti yako kali, bila kukwama: "Mbuzi wetu amekata kamba. Mbuzi wetu ameingia shamba la mtama..." Ukasoma mpaka mwisho, ukasubiri kusifiwa.

Mzee Maganga aliondoa mkono. Akakigeuza kitabu, akakitazama kwa muda. Alijua kusoma kiasi, ile Biblia ya kanisani.

"Mbuzi yuko wapi?" akauliza. "Mimi hapa naona kisima."

Watu waliangua kicheko, na wewe ukacheka nao, ukidhani ni mchezo. Nilikuwa nimesimama karibu na ubao na chaki ikavunjika mkononi. Mzee yule akamwita binti yake mwenyewe, akamshikia kitabu vile vile, kiganja juu. Nyamizi aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Ilichukua muda mrefu. "Ki. Si. Ma. Kisima che. Tu." Hakumaliza sentensi, baba yake akamwambia basi, inatosha. Akaniambia wa kwake atakuja kesho kama kawaida. Alipokuwa akitoka akaingiza mkono mfukoni akakupa karanga za kukaanga, ukashukuru kwa magoti yote mawili kama mama yako alivyokufunza.

Kisa hiki umewasimulia rafiki zako mara nyingi, nami nimekusikia. Kila mara unakimalizia kwenye karanga, watu wanacheka. Lakini hakikuishia hapo. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilikwambia kwamba umeniaibisha mbele ya watu. Nilisema hivyo tu, sikupandisha sauti. Karanga zilikuwa mdomoni mwako, ukaacha kutafuna. Ulitembea hivyo mpaka nyumbani, shavu limejaa. Nashuku unakumbuka, Mwasiti. Nashuku umenisitiri miaka yote hii, na ndiyo sababu kisa chako huishia mapema. Kama ni hivyo, nakushukuru, na maneno yale nayarudisha leo. Aliyeaibisha hakuwa wewe.

Jioni ile nilimweleza mama yako, nikitegemea ashangae. Hakushangaa. Akasema amejua siku nyingi kwamba husomi. Alikuwa na makopo mawili, moja la chumvi na moja la sukari, ameyaandika kwa mkono wake, na akikutuma mojawapo ulikuwa unaonja kwanza. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilidhani unajua," akasema. "Wewe ndiye mwalimu."

Baada ya hapo nilikaa nikapitia jambo zima upya. Nyamizi alifumba macho jioni kwa sababu hakuwa na kitabu nyumbani. Kitabu kilikuwa kabatini na ufunguo mfukoni mwangu. Angefumbua macho atazame nini? Mlichoweza kwenda nacho nyumbani ni sauti tu, basi mkaibeba sauti. Na darasani picha ilitosha kuwaambia ni wimbo upi wa kuimba. Ukiona mbuzi unaimba mbuzi. Kwa babu, chuo kile kilikuwa na sauti nyingi lakini kilikuwa na sikio moja ambalo halikulala. Mimi nilichukua sauti ya babu, sikio lake nikaliacha barazani. Nilikuwa napita katikati ya mabenchi nikisikiliza mvumo, nikifurahia mvumo, na mtoto wangu mwenyewe akizama hapo mbele yangu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Unajua kilichofuata. Nilianza kuruhusu vitabu vitoke kabatini, na kimoja kilipopotea niliandika maelezo mpaka mkono ukauma. Wewe na Nyamizi mlikaa mkekani kwetu kila alasiri, mmoja anafunika picha kwa kiganja, mwingine anasoma, mkigombana kama kuku. Nyamizi alikuwa mkali kwako kuliko mimi. Ulipofika darasa la tatu ulikuwa unasoma kweli, na siku uliyoniletea kopo la chumvi bila kuonja, mama yako alinitazama kwa mbali akaendelea kupepeta mchele.

Sasa rudi nami katika kile chumba cha mjini, miaka ile ya baadaye, penseli mkononi. Alama ya sikio niliiweka nikijua hatari yake. Ndiyo maana niliomba tuongeze alama ya tano, kiganja. Nilieleza kwamba baada ya mada yoyote, iwe ya duara au jembe au nini, mwalimu afunike kile kinachowasaidia watoto kubahatisha, iwe ni picha, ni mwenzao mwenye sauti, au ni mwalimu mwenyewe, halafu aone kama somo bado lipo. Yule afisa alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mwalimu, hiyo si mbinu ya kufundishia. Hiyo ni kuwashuku watoto." Wenzangu wakacheka kidogo, nami nikaketi. Jibu lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani na viatu nimevua, kama ilivyo desturi ya majibu mazuri. Siwashuku watoto. Najishuku mimi.

Na hiyo ndiyo shaka niliyokwambia mwanzoni. Nimeishi na shaka ya aina zote mbili. Ile ya kwanza, ya kumshuku mwenye duka na mwenyekiti na wazazi wa watu, ilinitembeza kijiji kizima na sikurudi na kitu. Hii ya pili inaumiza zaidi kwa sababu inaanzia kwako, lakini ndiyo iliyokufundisha kusoma.

Huko Choma utakuwa mgeni, binti wa mjini, mdogo kuliko kaka wa baadhi ya wanafunzi wako. Wafugaji wale hawana haraka ya kumwamini mtu, na mimi siwalaumu. Siku moja watakuja, wawili au watatu, salamu zitarefuka, na watakutuhumu jambo ambalo si kweli. Utataka kuwaka kama nilivyowaka mimi. Kabla hujawaka, waulize wameona nini. Mzee Maganga alidhani vibaya, lakini aliona vizuri. Aliona mtoto anasoma amefumba macho. Kama ningelisikia hilo tu na kuacha la Kurani lipite, ningeokoa siku nzima na uso wa mwanangu.

Mkaguzi akija atapenda duara, kwa kuwa duara linasikika mpaka barabarani. Mpe duara lake, asirudi ameudhika. Akishaondoka, mwite mtoto mmoja, yule ambaye mdomo ulifunguka na sauti usiisikie, mkae naye pembeni. Usimtishe. Mwambie hata mwalimu wake aliwahi kusoma mbuzi mahali palipokuwa na kisima. Watacheka, na aliyecheka huwa haogopi sana kukosea.

Mama yako ananiita. Anasema vitumbua vimeiva na kwamba ninajificha kwa sababu sitaki kuonekana macho. Ana ukweli kiasi. Nyumba itakuwa kimya kesho, na sina mtu mwingine wa kuniambia kwamba nimeanza. Nitaanza nani akisikia?

Kiongozi changu nimekifunga pamoja na barua hii ndani ya khanga ya bibi yako, chini ya zile sufuria mbili. Najua utaifungua kabla basi halijafika Nzega, kwa hiyo nakwambia mapema ujue ulichobeba. Alama zote zimo, zile za chumba cha joto, na kila mahali nimechora kiganja kwa wino kwa mkono wangu, kwa kuwa sasa hakuna afisa wa kunizuia. Lakini kuna jingine. Leo asubuhi, ulipokwenda kuaga kwa shangazi zako, nilifuta alama moja nikaweka nyingine isiyofaa kabisa mahali pake. Ni ya uongo, nimeiweka makusudi, na sitakwambia iko ukurasa gani. Ukifuata tu, siku moja utasimama mbele ya watoto wa watu ukifanya upuuzi niliokuandikia mimi. Kwa hiyo itabidi kila ukurasa uutazame, uwatazame na watoto, ndipo uamue.

Kasirika. Ukimaliza kukasirika, itafute. Ukiipata nicheke huko huko, usipoteze stempu. Lakini ukikuta mbili, mwanangu, ya pili sikuiweka makusudi. Hiyo ndiyo uniandikie upesi.

Mwenyezi Mungu akutangulie njiani na akukute umefika.

Ni mimi baba yako, ambaye bado anataka kumwona aliyeuona mwezi.